"Wanafunzi wawili tu": kisa cha darasa la uchumi na nauli ya shilingi 200

Kisa hiki ni cha darasa moja la kidato cha tano, somo la uchumi, katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Mwalimu wa darasa hilo ni mimi. Jina la shule na la vituo nimeyaondoa, na wanafunzi nawataja kwa herufi ambazo si za majina yao. Nakiandika kwa ajili ya walimu wenzangu wanaoambiwa kila semina wajenge fikra tunduizi, kisha wanarudi darasani na azimio la kazi lilelile, mtihani uleule na vipindi vilevile.

Usuli

Wanafunzi walikuwa 47, wa tahasusi mbili, EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na HGE (historia, jiografia na uchumi), wanaokutana chumba kimoja kwa uchumi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusoma somo hili kabla ya kidato cha tano. Walikuwa na bidii, na kwao bidii ilikuwa na maana moja: kukusanya notisi za wakubwa wao, kuzinakili na kuzikariri. Siwalaumu, kwa sababu ndivyo walivyofaulu kidato cha nne.

Karibu wote huja shule kwa daladala, na wengine huunganisha mbili. Mwezi Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilipotangaza nauli mpya, safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600 kwa mtu mzima, lakini mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kila aliyekaa Dar anajua kinachofuata hapo kituoni alfajiri. Gari linapunguza mwendo, konda ananing'inia mlangoni na kupaza sauti: "Wanafunzi wawili tu!" Wakubwa wanapanda, wanafunzi wawili wanajipenyeza, gari linaondoka. Waliobaki wanasubiri jingine.

Asubuhi ya mada ya bei kikomo

Ilikuwa Jumatatu, muhula wa kwanza, mwaka 2024. Niliuliza maana ya bei kikomo na athari zake. K. alisimama na kujibu kwa Kiingereza safi, bila kusita: ni bei ya juu kabisa inayowekwa na mamlaka, chini ya bei ya soko, husababisha upungufu, foleni, upendeleo, soko la magendo. Alienda ubaoni akachora mistari miwili ya mahitaji na ugavi, akakata mstari wa bei chini ya makutano. Mchoro haukuwa na kasoro.

Kabla hajakaa, mlango ulifunguliwa. Wanafunzi watatu waliingia, mashati yamelowa jasho mgongoni. Ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu. Nikawauliza kwa nini wamechelewa. Mmoja akasema, "Shikamoo Madam. Tumeachwa kituoni. Magari manne yote wanachukua wawili wawili."

Nikamgeukia K., chaki bado ikiwa mkononi mwake. "Ulichotueleza sasa hivi na hiki walichokisema wenzako, vinahusiana?"

Aliangalia mchoro wake, akaangalia wenzake. "Hapana, Madam. Hiyo ni shida ya usafiri."

Hakuna mwanafunzi aliyenyoosha mkono kumpinga. Darasa zima lilikuwa limebeba kanuni sahihi kichwani, na darasa zima lilikuwa limesimama asubuhi ile ndani ya kanuni hiyo, bila vitu hivyo viwili kukutana. Nilikuwa nimefundisha mada hii miaka kadhaa na sikuwahi kugundua pengo lilivyo kubwa, kwa sababu mtihani haukulionyesha. K. angepata alama zote.

Nilichoamua, na kwa nini

Njia iliyonijia kwanza ni ile tunayoizoea: kuwapa mada wajadili, "Mnaonaje kuhusu nauli ya wanafunzi?" Niliijaribu siku iliyofuata kwa kipindi kimoja. Wavulana wanne walisema sana, wakarushiana maneno, wengine wakapiga makofi. Mwisho wa kipindi hakuna aliyekuwa amebadili neno hata moja la alichokuja nacho. Nikaona kwamba kuuliza maoni na kufundisha kufikiri ni kazi mbili tofauti. Maoni walikuwa nayo tele. Walichokosa ni njia ya kugundua kwamba maoni yao yana kosa.

Kwa hiyo niliandika masharti matatu kwenye andalio la somo. Kwanza, kila mtu abashiri kwa maandishi kabla hatujatafuta chochote, ili baadaye asiweze kusema "nilijua". Pili, tutafute cha kulinganisha nacho. Tatu, kila anayetoa dai ataje ni kitu gani akikiona kitamfanya aliache dai lake. Niliruhusu pia kufikiri na kubishana kwa Kiswahili, ingawa somo ni la Kiingereza, na kuhamia Kiingereza wakati wa kuandika jibu la mwisho.

Mwalimu wa taaluma alinipa vipindi vinane, kwa sharti kwamba mada iwe imeisha kabla ya mtihani wa nusu muhula.

Kilichotokea

Ubashiri. Niligawa vikaratasi vyenye swali moja: kwa nini wanafunzi wanaachwa kituoni? Wengi mno waliandika kwamba makonda hawana utu. Wachache waliandika kwamba nauli ni ndogo. Wawili waliandika kwamba magari ni machache. Nikavitia kwenye bahasha, nikaifunga mbele yao.

Hesabu ya kwanza. Makundi ya wanafunzi wanaotumia vituo vilevile walihesabu wanafunzi wanaoachwa, wakiwa njiani kuja shule, hivyo hatukuhitaji ruhusa ya kutoka. Waliporudi na namba zao, kundi la kwanza lilitangaza kwa uchungu kwamba wanafunzi 63 waliachwa kituo kimoja. Darasa likaguna. Nikauliza, "Kati ya wangapi?" Hawakujua. Hawakuwa wamehesabu waliopanda.

Kundi la pili lilikuwa na shida iliyonifurahisha zaidi. Wasichana wawili walisimama kituo kimoja, muda uleule, mmoja akaandika 14, mwingine 22. Kila mmoja alimtuhumu mwenzake kwa uzembe. Niliwaomba waeleze, hatua kwa hatua, walikuwa wanaandika mstari lini. Wa kwanza aliandika pale konda anapomzuia mwanafunzi kwa mkono au kwa maneno. Wa pili aliandika hata pale gari lilipopita limejaa bila kusimama. Kwa wa pili, aliyekosa gari ameachwa. Kwa wa kwanza, aliyekataliwa ndiye ameachwa. Wote walikuwa wamehesabu sawasawa, ila vitu viwili tofauti.

Tulitumia kipindi kizima hapo, na sijutii. Kukosa kiti kwa sababu gari limejaa kunampata kila abiria. Kukataliwa huku kiti kipo kunampata mwenye sare tu. Kama nia yetu ni kujua nauli ya 200 inafanya nini, tunahitaji hesabu ya waliokataliwa, si ya wote waliokosa gari. Hilo sikulisema mimi. Lilisemwa na msichana aliyeandika 22, akafuta namba yake mwenyewe.

Kutafuta cha kulinganisha. Hapa niliwapa kisa cha mbali. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Mchoro wa K., ukigeuzwa juu chini, yaani mstari wa bei ukiwa juu ya makutano, unatabiri kwamba ajira itapungua. Wachumi David Card na Alan Krueger hawakutosheka na mchoro. Walikusanya takwimu za migahawa 410 ya vyakula vya haraka, ya New Jersey na ya jimbo jirani la Pennsylvania ambako kima hakikubadilika, kabla na baada. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 hawakuona kwamba ajira ya New Jersey ilishuka ikilinganishwa na ya jirani. Wachumi wengine waliwapinga vikali, na ubishi huo ulidumu miaka. Card alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki.

Sikuwapa kisa hicho ili waseme mchoro ni wa uongo. Niliwapa ili niwaulize, "Pennsylvania yetu iko wapi?"

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha J., ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimesikia sauti yake zaidi ya mara mbili, akasema taratibu kwamba wiki iliyopita alikuwa na ruhusa ya kwenda kliniki. Aliondoka shule saa tano asubuhi, na sare. "Madam, konda alinishika mkono nipande. Aliniambia, mwanangu njoo, siti zipo."

Nauli ile ile ya 200. Sare ile ile. Pengine konda yule yule. Kama sababu ni kukosa utu, utu huo unarudije saa tano?

Nilimwacha K. ajibu, kwa sababu niliona anataka. Alirudi ubaoni, safari hii bila mchoro, akaandika namba mbili: 600 na 0. Saa kumi na mbili asubuhi, alisema, nyuma ya mwanafunzi kuna mtu mzima mwenye 600 anayegombania kiti hicho. Ukimpandisha mwanafunzi unapata 200 na kukosa 600. Saa tano hakuna mtu nyuma yake. Ukimwacha unapata sifuri. Akageuka akaniuliza kama hii ndiyo gharama mbadala, ile tuliyosoma wiki ya kwanza. Nikamwambia ndiyo.

Pennsylvania ya pili waliipata wenyewe. Wanafunzi wanaopita njia ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, walisema huko mwanafunzi pia analipa 200, lakini hawajawahi kusikia dereva akisema wawili tu. Kwa nini? Walibishana kwa Kiswahili cha kasi kiasi kwamba nilishindwa kufuata wote. Jibu lilipatikana kwa kijana ambaye mjomba wake ni dereva wa daladala. Alieleza hesabu ya daladala: tajiri, yaani mwenye gari, anataka kiasi maalumu kila siku, gari likijaa au lisipojaa; baada ya mafuta na hesabu hiyo, kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Kila kiti cha 200 asubuhi kinatoka mfukoni mwao wawili. Dereva wa mwendokasi analipwa mshahara, na tiketi imekatwa kabla ya kufika mlangoni. Hana cha kupoteza kwa kumpandisha mwenye sare.

Msichana mmoja akapinga hapo hapo: mbona na mwendokasi tunachelewa? Akajijibu kabla sijafungua mdomo. Kule uhaba haumchagui mwanafunzi, unamkuta kila mtu kwenye foleni. Uhaba upo pande zote mbili. Kilichotofautiana ni nani anaamua nani akose, na anaamua kwa faida ya nani.

Swali la suluhisho. K. alipendekeza nauli ya mwanafunzi ipande hadi 600, na tatizo limekwisha. Kwa mantiki aliyoijenga alikuwa sahihi. J. aliinuka, akaenda ubaoni bila kuitwa, akaandika hesabu ya nyumbani kwao: watoto 3, safari 2 kwa siku, siku 22. Kwa 200 ni shilingi 26,400 kwa mwezi. Kwa 600 ni 79,200. Akapiga mstari chini ya 79,200 na kurudi kukaa.

Hakuna aliyepiga makofi. K. alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo naliona kuwa tunda bora la vipindi vyote vile: "Kwa hiyo sasa hivi ile 400 analipa nani?" Wakaorodhesha: konda na dereva, kama wakimpandisha; mwanafunzi mwenyewe, kwa muda na kwa viboko vya kuchelewa, kama wakimwacha; abiria wa 600, labda, kama nauli yake imewekwa juu ili kufidia. Wengine wakataka ruzuku, wengine wakauliza ruzuku hiyo itatoka kwenye kodi ya nani. Sikufunga mjadala kwa jibu langu.

Tukio ambalo lingeepukika

Siku ya nne ya kuhesabu, wanafunzi wawili walifokewa na konda na wapiga debe waliowaona wakiandika kwenye daftari. Walidhaniwa wanachukua namba za magari kwa ajili ya trafiki. Mmoja alisukumwa na daftari likachanwa. Hakuumia, lakini mzazi alikuja shule, na mkuu wa shule akasimamisha hesabu.

Alikuwa na haki. Mimi sikuwa nimewapa barua ya utambulisho wala kuwafundisha kujieleza. Mbaya zaidi, tulikuwa tumewachunguza makonda kama vitu bila kuwauliza chochote. Baadaye nilimwalika darasani dereva mstaafu, jirani yangu, na ndani ya nusu saa alisahihisha mambo mawili tuliyokuwa tumeyakosea. Angekuja kabla ya hesabu, si baada.

Matokeo

Kwenye mtihani wa nusu muhula niliweka swali la bei kikomo lisilo na "taja" wala "orodhesha". Kabla ya vipindi hivi, katika zoezi la kufanana, wanafunzi 6 tu walikuwa wameandika sharti lolote, yaani athari hii hutokea kama jambo fulani lipo. Safari hii walikuwa 31.

Wastani wa alama haukupanda. Kadhaa walioandika vizuri hawakumaliza, kwa kuwa walijenga hoja moja ndefu pale mwongozo wa kusahihisha ulipotaka nukta tano. Wawili kati ya niliowahesabu kuwa bora darasani walishuka alama. Hilo lilinikosesha usingizi, maana wao ndio watakaoukabili mtihani wa taifa, si mimi.

Halafu kuna swali la pili la mtihani, ambalo lilinifundisha zaidi kuliko la kwanza. Lilihusu sukari. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi na kuruhusu sukari ya nje. Niliwataka waeleze kwa nini mitaani bei ilipita ile iliyotangazwa. Karibu nusu ya darasa waliandika kwamba wenye maduka waliwakataa wateja maskini na kuwachagua wenye pesa, "kama makonda". Walikuwa wamechukua kisa cha daladala na kukibandika juu ya sukari.

Uchambuzi

Daladala ilikuwa imegeuka notisi mpya. Nilidhani nimewaondoa kwenye kukariri, kumbe nimewapa kitu kitamu zaidi cha kukariri. Kosa lilikuwa langu: vipindi vinane, kisa kimoja. Mwanafunzi hawezi kuona umbo la hoja hadi alione ndani ya visa viwili visivyofanana. Konda hawezi kumtoza mwanafunzi 600 mbele ya gari zima, kwa hiyo anamkataa. Muuza duka anaweza kukuambia sukari hakuna, kisha akampimia nyuma ya kaunta anayekubali kulipa 4,500. Kwa daladala bei inashikilia na kiti ndicho kinachokosekana. Kwa sukari bei ndiyo inayovunjika. Tofauti hiyo ndiyo uchumi wenyewe, na ningeiweka mezani kwa swali moja tu: "Hapa ni nini hakifanani na kituoni?"

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni bahasha na Pennsylvania. Nilipofungua bahasha mwishoni na kumrudishia kila mtu kikaratasi chake, hakuna aliyeweza kujidanganya kuhusu alichoamini wiki tatu kabla. Kuna aliyeandika upande wa nyuma, "Nilikasirikia mtu, nikaacha kuuliza yuko kwenye hali gani." Na bila cha kulinganisha, tungeishia kwenye utu wa makonda au kwenye mchoro, jibu mojawapo kati ya mawili ambayo kila mtu alikuja nayo.

Mjadala wa wazi ulikuwa dhaifu kuliko sifa zake. Uliwapa nafasi wenye sauti. Ushahidi wa J., ambao ulipindua somo zima, ulikuja kwa sababu ya kimya kirefu nilichokiacha, na nakiri kwamba nilikaribia kukivunja. Sasa ninawapa dakika tano za kuandika kabla ya mtu yeyote kusema, na ninaanza kusikiliza kutoka benchi la nyuma.

Kuhusu alama, nimekubaliana na mwalimu mwenzangu tusahihishe pamoja na kutenga alama kwa sharti na kwa ulinganisho katika majaribio yetu ya ndani, huku wiki mbili kabla ya kila mtihani tukiwafundisha waziwazi jinsi ya kukata hoja ndefu kuwa nukta tano. Sioni ubaya kuwafundisha mbinu ya mtihani, ilimradi wajue ni mbinu.

Jambo ambalo sijalimaliza ni lugha. Hoja zao bora zote zilizaliwa kwa Kiswahili, pamoja na ile ya "400 analipa nani". Zilipovuka kwenda Kiingereza, baadhi zilifika zimekonda: sharti linadondoka njiani, "kama" na "endapo" zinapotea, kunabaki sentensi fupi ya kukaririka. Nimeanza kuwapa dakika kumi mwishoni mwa kipindi kuhamisha aya moja tu, wawili wawili, mmoja akisoma ya Kiswahili na mwingine akikagua kama kila sharti limevuka. Kwa wengi inasaidia. Kwa wanafunzi saba bado haijasaidia, na J. ni mmoja wao.